Mkao wa mwanzo ni shahidi mbovu

Leo nimeuondoa mkao wa mwanzo kwenye orodha ninayopimia kasi ya programu yangu ya sataranji. Kwenye majaribio ya usahihi nimeubakiza, ingawa hata huko siutegemei sana.

Wanaoandika programu hizi wanaijua hesabu ya perft: programu inacheza kila hatua halali, kisha kila jibu, hadi kina fulani (idadi ya hatua za mbele), halafu inahesabu njia zote. Kutoka mkao wa mwanzo, kina cha 1 hadi 5, zinatoka 20, 400, 8,902, 197,281, 4,865,609. Sasa tazama kilichomo ndani. Askari kumla mwenzake aliyeruka nyumba mbili kunaonekana mara ya kwanza kwenye kina cha 5, tena mara 258 tu. Mfalme kubadilishana nafasi na ngome, hadi kina cha 7. Askari kugeuka malkia, kina cha 9. Kwa hiyo programu isiyozijua kabisa sheria hizo mbili za mwisho itakupa 119,060,324 kwenye kina cha 6, na jibu hilo ni sahihi!

Ndiyo maana watu wanaupenda Kiwipete, mkao wa Peter McKenzie: hatua 48 papo hapo, na kwenye kina cha 2 tu sheria karibu zote ngumu zimeshaguswa.

Mimi ninaoupenda zaidi una kete kumi tu. Mfalme mweupe yuko a5, askari wake b5, ngome nyeusi h5. Mweusi anasukuma askari wake kutoka c7 hadi c5. Askari wa b5 anatamani kumla, lakini akimla, askari wote wawili wanatoka kwenye mstari wa tano kwa mpigo mmoja na mfalme anabaki uso kwa uso na ngome. Programu nyingi hukagua kete moja moja inayomkinga mfalme. Hapa inaziona mbili katikati, inadhani kuna usalama. Mstari wa nne una mtego uleule kwa mweusi. Majibu ya perft ya mkao huu, kina cha 1 hadi 4, ni 14, 191, 2,812, 43,238. Ukipata zaidi, anza kutafuta hapo.

Ila mkao mzuri wa kunasa makosa si lazima uwe mzuri wa kupima kasi, na hili wengi wanalichanganya. Chukua ule wa Nenad Petrović wa 1964, wenye malkia weupe tisa na hatua 218. Kama programu yako huhesabu hatua za mwisho bila kuzicheza, kasi itapaa ajabu, kwa sababu kazi ya kuandaa mkao mmoja inagawanywa kwa hatua 218. Mchezo wa kweli haufanani na huo hata kidogo.

Nimeweka mikao ya katikati ya mchezo iliyojaa kete, michache ambamo mfalme ameshashikwa shahi, na ya mwisho yenye ngome na askari. Kasi ya kila mkao naiandika peke yake. Wastani siutaki.