Daftari la Karani wa Mpunga

Mwaka 2021 nilikuwa Kisumu, kwenye ofisi ndogo karibu na soko la Kibuye, nikihudumia programu ya kuwalipa wakulima wa mpunga wa Ahero kwa simu. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kusafisha namba: chochote kilichoandikwa kitoke kikiwa 254 na tarakimu tisa. Jaribio lake, yaani programu fupi ya kuhakiki kwamba kipande hicho kinatoa jibu sahihi, tulilirithi kwa waliotutangulia. Namba tatu, zote za 07, nadhifu kama za kwenye bango. Lilipita kila siku, na wakulima bado wakalalamika.

Siku moja karani wao, mama mmoja, akapanda matatu akaja mwenyewe, na daftari mkobani na flashi yenye faili ya Excel.

"Mwanangu, hawa watu wana simu. Mimi huwapigia na wanashika."

Daftari lile lilikuwa darasa. Kuna aliyeandika herufi O badala ya sifuri. Kuna wa 01, zile namba zilizoanza kutolewa 2019, na kanuni yetu ilijua 07 tu. Wengine walianza na 7 kavu, kwa sababu Excel huila sifuri ya mbele ikidhani ni hesabu.

Jaribio la zamani lilizizungusha namba ndani ya kitanzi kimoja, yaani amri zinazorudiwa kwa kila namba, na kitanzi cha namna hiyo hukatika penye kosa la kwanza. Makosa yanayofuata huyaoni. Nikakifuta. Nikatumia parametrize ya pytest, zana ya kuendeshea majaribio ya lugha ya Python: jaribio moja, na juu yake orodha ya jozi, ingizo na jibu linalotarajiwa. Kila jozi huendeshwa kama jaribio linalojitegemea. Mama akasoma, mimi nikachapa. Tulipoendesha, mstari ukajaa F, alama ya jozi iliyofeli, na nukta za zilizopita moja moja hapa na pale.

"Hizo F ni watu wangu?"

"Ndio, mama."

Nyingi zilikuwa rahisi kurekebisha. Iliyotushinda ni 2.54712E+11, namba ya tarakimu kumi na mbili ambayo Excel ilikuwa imeifupisha kabla faili haijahifadhiwa kama CSV, faili ya maandishi matupu. Tarakimu za mwisho zimekwenda. Mwenzangu alitaka programu itafute namba inayofanana nayo kwenye rekodi za msimu uliopita.

"Usibahatishe," mama akamkata. "Pesa ikiingia kwa mwingine, mlango watakaobisha ni wangu."

Basi jibu linalotarajiwa kwa jozi hiyo likawa kukataa: jaribio lipite pale tu programu inapotoa hitilafu. Nadhani huo ndio uamuzi bora uliofanywa ofisini mle mwaka ule, na hakuufanya mhandisi.

Ikabaki ya namba mbili zilizotenganishwa kwa alama ya mkwaju (/). Nikamuuliza tuchukue ipi.

"Ya kwanza. Ya pili ni ya mke, na huyo ana shamba lake na akaunti yake. Usituletee vita."

Pytest hukuruhusu kuipa kila jozi jina. Hiyo nikaiita "ya-mke".