Drili ndogo ya betri na lenta ngumu: nilivyoanza kufunga mapazia mwenyewe

Kazi yangu ni kushona mapazia. Nina miaka tisa kwenye kazi hii hapa Dar es Salaam, na miaka mingi ya mwanzo nilikuwa nashona tu, kufunga alifunga mwingine. Mteja ameshalipia kitambaa, ameshalipia fimbo na mshono, lakini bado tunamsubiri fundi wa kutoboa. Alikuwa na drili kubwa ya waya na kazi zake nyingine, akinitoza shilingi 10,000 kwa dirisha. Siku akichelewa, mapazia niliyoyapiga pasi usiku kucha yanalala yamekunjwa sebuleni kwa watu, na lawama nabeba mimi.

Kilichonifanya nitafute drili yangu ni mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023. Kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kufanya kazi Februari 2024, umeme ulikuwa unaondoka mchana bila taarifa. Fundi anafika Goba saa nne, umeme umekatika saa tatu na nusu, tunakaa barazani mpaka jioni. Tena nyumba nyingi ninazoitwa ni mpya: mwenyewe ana haraka ya kuhamia, mita ya LUKU bado haijafungwa. Hapo drili ya waya ni mzigo mtupu.

Ya kwanza niliinunua upande wa Gerezani kwa shilingi 75,000. Ilikuja kwenye kasha zuri lenye biti ishirini na kitu, na kwenye betri pameandikwa 48V kwa herufi nene. Nikaamini kwamba namba kubwa ndiyo nguvu kubwa. Wiki tatu haikufika: inazunguka ikiwa hewani, ukiigusisha ukutani inasimama. Nikampelekea fundi redio wa mtaani kwetu, akafungua betri mbele yangu. Ndani mlikuwa na seli tano. Akanifundisha hesabu ambayo natamani ningeijua kabla: seli moja ya lithiamu ya aina hiyo ikiwa kazini hutoa kama volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Mara tano unapata 18, au 21 ikiwa imejaa pomoni. Hakuna namna seli tano zikatoa 48. Ndiyo maana pia drili iliyoandikwa 18V na iliyoandikwa 20V huwa ni zilezile seli tano, na ya 10.8V na ya 12V ni zilezile tatu. Tofauti ni kampuni imehesabu betri ikiwa kazini au ikiwa imetoka kwenye chaja.

Safari ya pili nilikwenda nikiwa najua ninachotafuta. Kwanza uzito. Mimi sitoboi nikiwa nimesimama chini, natoboa juu ya ngazi, mikono ikiwa juu ya kichwa, bega limekaza. Nyumba ya vyumba vitatu ina madirisha saba hivi, kila fimbo ina vishikio vitatu, kila kishikio matundu mawili. Hesabu mwenyewe. Drili ya volti 12 pamoja na betri yake ni kama kilo moja, za volti 18 nilizoshika siku ile zilikaribia mbili. Dukani ukizipokea kwa mkono mmoja huoni tofauti, basi nilimwomba muuzaji aniruhusu niinyanyue juu kama nafunga pazia, nikakaa nayo hivyo dakika mbili. Alinishangaa lakini aliniacha. Ile kubwa niliirudisha kaunta kabla dakika hazijaisha.

Jambo la pili ni ufupi wake. Pazia hupenda kuishia kwenye kona, pale ukuta unapokutana na ukuta, na mashine ndefu haiingii. Tatu, nilitaka yenye kugonga, yaani inayopigapiga biti ukutani huku ikiizungusha, kwa sababu kazi yangu ni kuta. Seremala anayefunga bawaba na vitasa anaweza kuchukua isiyogonga, ikawa fupi na nyepesi zaidi. Nne, gia mbili: ya polepole kwa skrubu, ya kasi kwa kutoboa. Ya mota isiyo na kaboni, vile vipande vinavyosuguana ndani ya mota kupitisha umeme, ilikuwepo, inatunza chaji vizuri zaidi, lakini ilinitaka niongeze 90,000. Nikaona hiyo pesa inunue betri ya pili. Sijajuta, maana moja ikiisha nyingine iko tayari, na kaboni zikilika zinabadilishwa. Nililipa shilingi 290,000 kwa drili, betri mbili za 2.0Ah (Ah ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) na chaja.

Sasa nizungumzie lenta, maana ndiyo iliyonifundisha kazi.

Dirisha langu la kwanza lilikuwa Tabata Kimanga. Nilipima, nikaweka alama kwa penseli sentimita kumi juu ya dirisha kama fundi wangu alivyokuwa akifanya, nikaanza. Lipu ilikatika kama mkate. Halafu drili ikalia sauti nyembamba na biti ikagoma. Nikasukuma. Nikasukuma tena kwa uzito wangu wote. Harufu ya kuungua ikatoka, na nilipochomoa biti ncha yake ilikuwa ya bluu na yale meno magumu ya mbele yamelika. Nikabadilisha biti, nikahamia pembeni kidogo, safari hii nikafika ndani sentimita mbili nikakutana na chuma. Mwenye nyumba alikuwa ananiangalia. Nilikaribia kulia.

Mwashi mmoja mzee aliyekuwa anajenga ukuta wa jirani ndiye aliyeniokoa. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema, "Dada, hapo hutoboi tofali. Hiyo ni lenta." Nilikuwa nimelisikia neno hilo maisha yangu yote bila kulifikiria. Kwenye nyumba zetu lenta inazunguka nyumba nzima juu ya madirisha na milango: zege la kokoto lenye nondo ndani. Kishikio cha pazia, ukikiweka pale ambapo kila mtu hukiweka, kinaangukia hapohapo. Yule fundi wangu alikuwa anapita kwa sababu mashine yake ilikuwa kubwa. Akanionyesha kwa mkono lenta inapoishia, na juu yake kuna kozi mbili za tofali kabla ya dari. Nikapandisha alama zangu. Matundu yote sita nilimaliza kwa betri moja, na pazia likaonekana refu na la kifahari kuliko nilivyokuwa nimepanga, ila upindo wake haukugusa sakafu. Nililirudisha nyumbani nikalishusha pindo usiku uleule.

Tangu siku hiyo mpangilio wangu umegeuka. Zamani nilipima dirisha, nikakata kitambaa, kutoboa kukawa mwisho. Siku hizi siku ya kupima nakwenda na drili. Natoboa tundu moja dogo la milimita 4 mahali ambapo kishikio kitakuja kulifunika, na ukuta ndio unaniambia fimbo ikae wapi. Kitambaa nakikata baada ya hapo. Nasikiliza sana sauti. Lipu ina sauti ya mchanga. Tofali la saruji linakwaruza kwa uzito, unga wake ni wa kijivu na unatoka kwa wingi. Lenta inalia nyembamba, unga unapungua, na mkono unaanza kutetemeka mpaka kwenye kiwiko.

Kuna nyumba ambazo huwezi kukwepa, dari ya jipsamu imekaa palepale lenta inapoishia. Hapo natumia biti mpya, sianzi na milimita 6. Natangulia na 4, nikifika kina ninachotaka ndipo naingiza 6, nayo inafuata njia iliyokwisha kufunguliwa. Kugonga nawasha baada ya biti kushika, vinginevyo ncha inatelezateleza na kuharibu rangi. Nasukuma kwa wastani, na kila sekunde kama kumi naichomoa biti huku ikizunguka ili itoke na unga. Ikipata moto naiacha ipoe yenyewe kwa hewa. Nilimwona kijana mmoja akiichovya biti ya moto kwenye ndoo ya maji. Ile ncha ngumu inaweza kupasuka. Nikigusa nondo sibishani nayo, nasogea sentimita mbili au tatu.

Njia nyingine ninayoipenda ni ubao. Natoboa lenta matundu manne tu, nafunga ubao wa mninga uliopakwa rangi ya ukuta, halafu vishikio vyote navifunga kwenye ubao. Mninga ni mgumu, skrubu ukiipeleka bila tundu inaweza kukatika kichwa au kuupasua ubao, kwa hiyo natangulia na biti ya milimita 3, na skrubu naisugua kwenye kipande cha sabuni ya mche. Inaingia laini kabisa. Hiyo nilijifunza kwa mjomba wangu Tanga, seremala wa zamani, aliyekuwa akitoboa kwa keekee ya mkono kabla sijazaliwa.

Na kama nyumba nzima ni zege, gorofa kwa mfano, nakodi ile mashine kubwa ya kuvunjia na kutobolea zege, shilingi 15,000 kwa siku, na naiweka kwenye bei ya mteja waziwazi. Kugonga kwa drili ndogo ni sahani mbili zenye meno zinazorukiana, na nguvu yake inategemea unavyosukuma. Mashine kubwa ina pistoni ndani inayopiga yenyewe. Ni kazi mbili tofauti, na nimeona watu wakiua drili nzuri kwa kutolikubali hilo.

Fisha, vile viplastiki vinavyoingia tunduni ili skrubu ishike, nazo zina adabu yake. Jina hili limetokana na Artur Fischer, Mjerumani aliyebuni ile ya nailoni mwaka 1958, na mpaka leo ya kampuni yoyote ile tunaiita fisha. Biti ya 6 kwa fisha ya 6, usiongeze "ili iingie vizuri". Ikiingia kwa kidole itatoka na pazia. Nazungushia biti utepe wa gundi sentimita moja zaidi ya urefu wa fisha, unga upate pa kukaa. Kisha napuliza tundu kwa pampu ndogo ya mkono. Nilikuwa napuliza kwa mdomo mpaka siku unga wa saruji uliponiingia jichoni. Siku hizi miwani haivuki mlango wa nyumba bila kuwa usoni. Wala sitoboi juu au chini ya swichi na soketi kwa mstari ulionyooka, maana bomba la waya mara nyingi limepita humo.

Kwenye nyumba za zamani ni kinyume chake. Niliitwa Unguja, Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ukiwasha kugonga pale tundu linabomoka linakuwa la panya. Nilizima, nikaenda polepole, nikatumia fisha ndefu. Betri haikupungua hata nusu.

Kitu ambacho wengi hawakigusi ni ile ringi ya namba karibu na mdomo. Kwa kutoboa naiweka kwenye alama ya biti au ya nyundo. Kwa kufunga skrubu naanza namba 5: skrubu ikikaza, drili inalia trrr na kuacha kuzungusha yenyewe. Haikufika? Napandisha 7. Kabla sijaielewa nilikuwa nang'oa fisha ukutani kwa kuzidisha, na vishikio vya plastiki nilivunja vingi.

Betri nazitunza kama chakula. Siziachi kwenye bajaji au gari lililoegeshwa juani. Joto la Dar linazizeesha. Ikitoka kazini ya moto naiacha ipoe kwanza ndipo iende kwenye chaja. Sisubiri iishe kabisa, betri za lithiamu hazihitaji hilo, na kama nasafiri naziacha zikiwa nusu hivi. Zile mbili za mwanzo bado nafanya nazo kazi.

Fundi wangu wa zamani bado tunapigiana simu, tena baadhi ya kazi za gorofa namwita yeye na mashine yake. Kwenye kushona nina binti ninayemfundisha, na tangu Ramadhani iliyopita nimeanza kumpandisha ngazi. Juzi tulikuwa Madale. Nilimwachia dirisha la jikoni, mimi nikawa chini nimeshika ngazi na pima maji. Akaanza, lipu ikapita, unga wa kijivu ukawa unamwagika kwenye karatasi tuliyotandika. Kisha akaachia swichi, akachomoa biti na kuitazama.

"Dada," akasema, "sauti imebadilika."

Nikamwambia apandishe alama sentimita nane.