Tulivyomaliza Vita vya Mfereji Shuleni Kwetu

Nilipokabidhiwa nidhamu katika shule yetu ya msingi huku Kisauni, Mombasa, kila mtu alinishauri bakora. Wazazi, walimu wenzangu, hata bawabu. Nilikereka mno. Bakora imepigwa marufuku Kenya tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaweka faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili, kwa anayemtesa mwanafunzi.

Kikao kikaamua viranja walinde mfereji, yaani bomba la maji ya kunywa, maana mapumziko ya saa nne hayakupita bila watoto kupigana hapo na mmoja kutokwa damu puani. Basi viranja wakawa ndio wafalme! Walikunywa kwanza wao, kisha marafiki zao, kisha yeyote aliyewapa mabuyu. Asiye na mabuyu alirudi darasani na kiu, na jioni akalipiza njiani.

Nikafungua daftari. Sikuandika nani kapigana. Niliandika wapi na saa ngapi. Karibu ugomvi wote ulikuwa mahali pawili: mfereji wetu mmoja na lango wakati wa kwenda nyumbani. Kwa joto la Mombasa, na maji yenyewe ya kubahatisha, watoto wale walikuwa wanapigania maji tu.

Wazazi wakachanga, tukapata tangi, fundi akatufungia mifereji mitano. Zilikwenda elfu kadhaa. Lakini fahari yangu ni nyayo. Kila mtoto wa gredi ya nne alichora wayo wake kwenye katoni, tukakata, tukapaka rangi sakafuni, wayo nyuma ya wayo hadi kwenye mfereji. Brashi nilimkabidhi yule kijana aliyeongoza kwa ngumi. Kesho yake alisimama pale akiwaambia wadogo, "Kanyaga wayo, usiruke!" Hakuna aliyemtuma. Foleni ikanyooka kuliko gwaride la asubuhi.

Langoni tulianza kuwatoa wadogo kwanza, wakubwa baadaye, na mwenyekiti wa steji ya bodaboda akakubali pikipiki zisimame ng'ambo ya barabara. Mzee yule namshukuru sana, kwani vijana wake wanamsikia yeye kuliko mwalimu yeyote.

Viranja bado tunao, ila zamu ya mfereji hubadilishwa kila wiki na wasichana pia wanashika. Mkitaka kuchora nyayo, nunueni rangi ya mafuta. Ile ya maji tuliyoanza nayo mvua ya masika iliifuta yote.