Ninavyocheza wavu wa ufukweni bila kusikia filimbi

Homa ya uti wa mgongo iliniacha kiziwi nikiwa darasa la nne, kwa hiyo kuongea naongea, kusikia ndiyo hakuna. Nacheza wavu wa ufukweni Shangani, Mtwara, na swali ninaloandikiwa kila siku kwenye simu ni hili: uwanjani mnaelewanaje?

Mbona mchezo wenyewe ni wa vidole! Mko wawili tu, hakuna wa akiba, uwanja mita 16 kwa 8. Kabla mwenzako hajaanzisha mpira, wewe uliye wavuni unamwonyesha kwa mikono mgongoni: kidole kimoja, naziba mpira wa mstarini, viwili, naziba wa kukatisha uwanja, ngumi, siruki. Wanaosikia nao hufanya hivyo hivyo, wapinzani wasijue. Mpira wa katikati nao hatuugombanii kwa kuitana: ni wa yule aliye mshazari na anayeanzisha, basi.

Kazi ilikuwa kwenye kushambulia. Mpigaji akiruka, macho yako kwenye mpira, na mwenzake humpigia kelele nafasi iko wapi. Mwenzangu anasikia na sauti anayo, lakini kwangu haifiki. Tukakubaliana anipangie mpira, yaani aninyanyulie nipige, mrefu kwenda juu kuliko kawaida, usiosogea sana wavuni. Ukiwa bado unapanda, naiba jicho chini ya wavu, naangalia miguu ya mpinzani wa nyuma. Akiegemea kulia kwangu, naudondosha kushoto. Tatizo ni kusi. Mwezi wa sita na wa saba likivuma, mpira mrefu unahamia kusikojulikana, kwa hiyo tunapanga mfupi na napiga kwa kubahatisha. Pointi nyingine zinaenda hivyo hivyo.

Filimbi ilinisumbua zaidi ya upepo. Kwenye bonanza moja mwamuzi alitaka kunipa kadi ya njano kwa kupiga mpira baada ya kusimamisha mchezo, na mwenzangu akamweleza mpaka akachoka. Siku hizi kabla ya mechi tunamfuata mwamuzi, tunamwomba atikise wavu akipuliza. Wengi wanakubali. Asiyekubali, mwenzangu ananyoosha mkono juu.

Deaflympics, michezo ya viziwi iliyoanza Paris mwaka 1924, iliingiza wavu wa ufukweni Taipei mwaka 2009. Masharti yake: sikio lako lenye nafuu liwe limepoteza angalau desibeli 55, na mashine ya sikio unaivua kabla ya kuingia uwanjani. Mimi nimo. Mwenzangu hamo, na yeye ndiye aliyelisoma sharti hilo kwanza akanionyesha.

Basi nina mwenza wa pili, binti kiziwi wa Mikindani, mrefu, wavu wetu wanawake wa mita 2.24 haumpi shida. Kumpangia mpira ndiyo bado, unamsogea mno wavuni. Tunafanya mazoezi maji yakipwa, maana siku za bamvua yakijaa kamba za mistari zinaelea. Kinachotukwamisha sasa ni mpira: ule wa ufukweni, mkubwa kidogo na wenye upepo kidogo kuliko wa ndani, madukani hapa mjini sijauona. Nimeagiza Dar, uje na basi.