Namba kumi ni ya fungu lipi?

Hivi karibuni nilikuwa na orodha ya dakika za kusubiri, nikataka kuigawa katika mafungu ya dakika kumikumi na kupata wastani wa kila fungu. Kwa anayetumia pandas, maktaba ya lugha ya Python ya kuchambua data, kazi hiyo ni ya mistari miwili: cut huipangia kila namba fungu lake, kisha groupby huzikusanya zilizo pamoja na kuzipitisha kwenye fomula uitakayo, iwe wastani, jumla au namba ya kati.

Kilichonichelewesha ni mipaka. Tuchukue namba sita tu, yaani 0, 3, 10, 12, 19 na 20, tukiweka mipaka kwenye 0, 10 na 20. Usipoielekeza vingine, cut hujumuisha mpaka wa juu wa kila fungu na kuuacha wa chini. Kwa hiyo fungu la kwanza hupata 3 na 10, wastani wake ukiwa 6.5, la pili hupata 12, 19 na 20, wastani 17, na ile 0 hukosa pa kwenda, ikaachwa nje ya hesabu bila hata onyo. Ukiandika right=False mambo hugeuka: la kwanza huwa na 0 na 3, wastani 1.5, la pili 10, 12 na 19, wastani wa takriban 13.7, na safari hii inayopotea ni 20. Mimi nilibaki na mpangilio wa kwanza, nikaongeza include_lowest=True ili 0 ihesabiwe.

Jambo jingine ni mfuatano wa hatua: utafute wastani kwanza, au fomula nyingine kwanza. Fungu lenye 2 na 8 lina wastani wa 5, ambao kipeo chake cha pili ni 25. Lakini ukianza kwa kutafuta vipeo, yaani 4 na 64, wastani wake ni 34. Ndiyo maana sipendi kuzitupa namba halisi na kubaki na katikati ya fungu, kwani hapo fomula haiwezi tena kupita kwenye kila namba, ingawa wapo wanaolazimika kufanya hivyo kwa sababu walipewa jedwali la mafungu tu, bila namba zenyewe.

Fungu lisilo na kitu nalo lina vituko vyake, kwani jumla yake hutoka 0 ilhali wastani wake haupo kabisa. Siku hizi kando ya kila wastani naweka safu ya idadi, na ni safu hiyo iliyonionyesha kwamba namba zangu sita zilikuwa zimebaki tano.