Gobore la Selous

Siku mkufunzi wetu wa uongozaji watalii alipotupeleka Beho Beho, kusini mwa Tanzania, kwenye kaburi la Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, hakujishughulisha na kibao. Kaburi lenyewe ni bamba la saruji tu, na maandishi yanasema aliuawa vitani tarehe 4 Januari 1917. Alikuwa kapteni wa jeshi la Waingereza, umri miaka 65. "Hayo mgeni atajisomea," alisema. "Ninyi mwelezeni bunduki."

Selous alipoingia nchi ya Lobengula, mfalme wa Wandebele katika Zimbabwe ya leo, mwaka 1872, silaha zake za tembo zilikuwa magobore mawili ya bei nafuu kutoka Birmingham. Kila moja lilikuwa na uzito wa kilo 5.7 hivi, mtutu laini ndani, tundu la karibu milimita 27. Baruti hakuipima: alichota konzi moja kwenye mfuko wa ngozi ubavuni, na konzi hiyo ilipita gramu 35. Juu yake goroli la gramu 113, likashindiliwa kwa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, kisha fataki, kifuniko kidogo cha kuwashia baruti. Kwa magobore hayo aliua tembo 78 katika misimu mitatu, akiwinda kwa miguu, maana farasi hawaishi penye mbung'o.

Hapo mkufunzi akafika alipotaka. Safari moja fataki iligoma. Mbeba bunduki, badala ya kubadili fataki tu, akashindilia gobore upya juu ya baruti na goroli vilivyokuwamo. Selous alipofyatua, teke lilimrusha hewani, akaanguka uso mchangani, na gobore likaruka nyuma yake.

Mwenzetu aliyekulia kwenye magobore akacheka: mbona mdeki ungesema? Mtutu ukiwa mtupu, tumbukiza mdeki hadi chini, utie alama usawa wa mdomo. Siku yoyote alama ikibaki juu ya mdomo, ndani mna kitu. Fataki nayo mara nyingi hugomea unyevu, au masizi yaliyoziba kitundu cha moto. Kitundu huzibuliwa kwa sindano, baruti haiongezwi. Lakini tembo akiwa mbele, nani anapima mdeki? Mimi simlaumu sana yule mbeba bunduki.

Wageni wengi huja wakitafuta shujaa asiyetikisika. Selous mwenyewe aliandika kwamba alitamani asingeyagusa kabisa magobore yale, kwa kuwa mateke yake yalimharibia utulivu wa kulenga hata baada ya kupata bunduki bora.