Safari Isiyo na Mwenyeji

Mstaafu wa Dar es Salaam akisema anakwenda ng'ambo, watu hawamuulizi sababu, wanayo tayari. Anakwenda India kutibiwa, au anakwenda Hija, au binti yake kajifungua huko na hakuna wa kumkanda. Mimi na wifi yangu hatukuwa na hata moja kati ya hizo. Mwaka 2025 tulitaka kwenda Ujerumani kutembea tu, kwa pesa zetu, bila kualikwa na mtu.

Kwa nini Ujerumani? Mimi nimezaliwa Kigoma, baba yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Meli ile iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa ziwani kwa reli iliyokuwa ndiyo kwanza inakamilika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nimefundisha jiografia hadi nastaafu, na darasani sikuacha kuisimulia habari hiyo, lakini Papenburg yenyewe kwangu ilikuwa nukta kwenye ramani. Wifi ni mtu wa Lindi. Yeye shida yake ilikuwa mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyefukuliwa kati ya 1909 na 1913, mifupa yake ikabebwa na wapagazi vichwani hadi bandari ya Lindi. Sasa amesimamishwa katika makumbusho Berlin, kimo chake kinazidi mita 13. "Wifi, nataka nimwone kwa macho yangu," alikuwa akisema, "nimuulize kama Lindi anaikumbuka."

Wakala wa safari tuliyemwendea alitusikiliza vizuri, halafu akatushauri Dubai. Huko angetupatia kikundi, kiongozi, na siku nzima ya maduka. Tukamshukuru, tukarudi nyumbani Tabata kupanga wenyewe kwenye meza ya kulia. Berlin kwanza, kwa ajili ya mjusi. Kisha treni kwenda magharibi hadi Münster, na hapo kupanda nyingine inayofuata bonde la mto Ems hadi Papenburg. Mjukuu wangu alituonyesha ratiba kwenye simu. Kilichotutia hofu hakikuwa lugha wala baridi (makoti mazito mitumbani Karume ni bei ya kutupa, nani anayahitaji Dar?), bali zile dakika chache za kubadili treni na mabegi mkononi.

Basi tukafanya mazoezi. Tulipanda SGR kwenda Morogoro, kila mmoja na begi lake limejaa kama siku yenyewe, na mjukuu tukamkataza kutusindikiza. Sheria ilikuwa moja: tusiombe msaada. Kutafuta behewa, kutafuta kiti, kuinua begi, yote sisi. Chini ya saa mbili tukawa Morogoro, na tayari tulijua nani kati yetu hawezi kuinua begi lake hadi juu ya kiti. Wote wawili. Wifi alifungua lake pale pale kwenye benchi la stesheni akaanza kupunguza: vitenge vya gauni ambavyo havijashonwa, chupa ya achari, pasi. Pasi! Vyote tukavitia kwenye kikapu tulichonunua hapo hapo, na jioni tukarudi mjini na mizigo mitatu badala ya miwili.

Tuliendelea hivyo. Alfajiri tulitembea Daraja la Tanzanite kuzoesha miguu. Dawa zetu za presha tukazitenga kwenye mikoba ya mkononi, ndani ya maboksi yake, pamoja na karatasi ya daktari.

Balaa lilianzia kwenye bima. Viza ya nchi za Schengen, Ujerumani ikiwemo, inadai bima ya safari inayoweza kulipia matibabu ya angalau euro 30,000. Nilikuwa nalisoma hilo kwa sauti kwenye simu, wifi upande wa pili, na dada wa kazi anapepeta mchele barazani. Alichosikia ni matibabu na euro elfu thelathini. Jumapili iliyofuata nikashtukia shemeji yangu mkubwa amefika na ujumbe kamili wa ukoo. Shangazi wa marehemu mume wangu alinikumbatia akilia. Kumbe kundi la WhatsApp lilishafunguliwa, mimi peke yangu simo, na michango ilishakusanywa.

"Shemeji," alisema huku ananisukumia bahasha, "ungetuambia mapema. Ugonjwa haufichwi."

"Siumwi, shemeji. Nakwenda kutembea."

"Kwa nani?"

"Kwangu mwenyewe."

Alimgeukia dada yake. Wifi akaeleza habari za mjusi, na hapo ndipo shangazi alipozidisha kilio, maana sasa ilionekana wagonjwa tuko wawili. Ilibidi nilete ratiba, ramani, tiketi za Morogoro, mpaka lile koti. Shemeji alisoma kila karatasi taratibu, akavua miwani. Pesa aligoma kuzichukua. Mchango ukishatolewa, alisema, hana uso wa kuwarudishia watu mmoja mmoja na kuwaambia kwamba mgonjwa anakwenda kuangalia meli. Tukabishana hadi chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana zikate bima zetu zote mbili, kwa kuwa hata hivyo zilichangwa kwa ajili ya matibabu, na kilichobaki kiende kwa shangazi, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua kweli.

Siku ya kupeleka makaratasi tulikuwa nayo yote: fomu, hoteli, taarifa za benki, hiyo bima. Kijana wa dirishani aliyapekua, akafika kwenye sehemu ya mwenyeji tuliyoiacha tupu.

"Shikamooni. Mama zangu, huko mnakwenda kwa nani?"

"Marahaba. Kwa mjusi," wifi akajibu kabla sijafungua kinywa.

Nikamsogezea kijana ratiba ya treni upesi. Aliisoma hadi mwisho, akauliza Papenburg kuna nini, na nikamweleza habari ya Liemba yote, huku foleni nyuma yetu ikiguna.